Cherehani Inashuka Usoke

Mwanangu Kalunde,

Salamu sitaandika, maana nakusikia hapo uani unacheka na shangazi yako, na mtu aliye chumba cha pili hasalimiwi kwa barua. Wala mambo ya safari sikuandikii. Maji ya kuchemsha, dawa ya homa, tiketi uifunge kwenye pindo la kanga, usikae dirishani cheche za moshi zisikuingie machoni, hayo mama yako ameshakwambia na kesho stesheni atayarudia yote. Mimi nina neno moja tu. Nimelikalia miaka kumi na minne. Ulimi umekataa kulitoa, basi nimeupa mkono, kwa sababu mkono wangu umezoea kuandika mambo ya watu.

Jua bado halijazama. Niko mezani kwangu, na mbele yangu iko orodha ya vyombo vyako utakayowaonyesha watu wa forodha ng'ambo ya ziwa, upande wa Wabelgiji, unakomfuata mumeo. Nimeandika mistari sita. Kitanda kimoja, kimetumika. Godoro moja, limetumika. Sufuria nne, taa ya chemli, pasi ya mkaa, sanduku la nguo. Mstari wa saba umenishinda tangu asubuhi.

Kazi hii unaijua. Tangu turudi hapa Tabora, hakuna mtu wa Ipuli anayehamia Kongo au Rodesia ambaye hajaja kukaa kwenye kiti hicho ili nimwandikie orodha. Wanakuja kwangu kwa sababu nilikuwa karani wa forodha, najua wenzangu wanatazama nini. Anayehama akiingia na vyombo vyake mwenyewe, vya nyumbani, alivyovitumia, anapita bure. Kilicho kipya kinatozwa ushuru. Lakini kipya ni kipi? Hakuna mizani ya kupimia upya. Lipo jicho la karani tu.

Ndiyo maana nyumba ya mtu anayehama, wiki ya mwisho, inakuwa na vituko. Sufuria mpya zinapikiwa kwa kuni mbichi zishike masizi. Godoro jipya wanalazwa watoto, na yule anayekojoa ndiye anaitwa wa kwanza. Siku zangu nilimpokea bwana mmoja ameshuka melini na makoti matatu mwilini, saa saba mchana, jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu. Nikamwuliza, bwana, kuna baridi? Akasema ana homa. Nikamwambia basi keti hapa, nimwite dresa akupime. Akasema homa imepona. Tulicheka naye, nikamtoza koti moja, mawili nikayaacha. Kuna siku nilikuwa karani mzuri, mwanangu. Nataka ulijue na hilo, kabla sijafika ninakokwenda.

Jana ulikuwa na shangazi yako Tereza hapo jikoni, anazipaka sufuria zako masizi, anasema, "Sufuria nyeupe ni kama mwali, kila mtu wa forodha atataka kuishika." Mkacheka mpaka mama yako akawakemea huku naye anacheka. Kisha shangazi yako akaiona cherehani. Akasema hii inang'aa mno, Wabelgiji watasema umeitoa dukani jana, akateka mchanga kiganjani aikwaruze ubavuni. Wewe ukaikumbatia kama mtoto.

Ukamwambia, "Shangazi, acha. Kila Jumamosi naifuta, naipaka mafuta. Leo niikwaruze ili mtu asiyenijua aniamini?"

"Watakutoza."

"Basi nitalipa."

"Utalipa na nini, mke wa fundi wa boti?"

"Nitalipa kwa kushona."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Ukaniona naondoka, ukamwambia mama yako baba amechoka. Sikuwa nimechoka. Maneno yale niliwahi kuyasikia kwa mtu mwingine, juu ya cherehani ile ile.

Cherehani yako, Kalunde, sikuinunua dukani kwa Mhindi kama nilivyowaambieni.

Ulikuwa na miaka mitano, tunakaa kando ya ziwa, mimi nikiwa karani kwenye kituo kidogo cha forodha. Nilipomwoa mama yako niliahidi mbele ya kaka zake kwamba nitamnunulia cherehani. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimevaa suruali nyeupe, nina kalamu mfukoni, nikataka kuonekana mtu mkubwa. Miaka sita ikapita. Mjomba wako akija kututembelea alikuwa ananyoosha shingo kuchungulia chumbani, anasema, "Shemeji, hiyo cherehani umeiweka wapi? Au anashona kwa kalamu yako?" Watu wanacheka, na mimi nacheka. Usiku sipati usingizi. Siyo kwamba mama yako alinidai. Hakuwahi kutaja hata mara moja, na kule kutotaja ndiko kulikoniuma.

Basi siku moja meli ikaleta watu kutoka Kongo, na kati yao mama mmoja, peke yake, jina lake Nyamizi. Mtu wa kwetu, wa Usoke. Mumewe alikuwa kazini kwenye migodi ya shaba, akafa, na yeye anarudi kwa ndugu zake na vyombo vya nyumba yake. Vyombo vichache. Nikavipanga chini kama kawaida, nikatazama. Sufuria zina masizi, zikapita. Blanketi lina viraka, likapita. Kisha akafungua shuka, ndani ya shuka kuna kitambaa cha kufuma, ndani ya kitambaa kuna cherehani ya mkono. Ilikuwa nyeusi inayong'aa, maua yake ya rangi ya dhahabu hayajafutika hata moja.

Nikasema, "Mama, hii ni mpya."

Akasema, "Si mpya, bwana karani. Ina miaka minane. Marehemu aliinunua mwaka tuliooana."

Nikasema mbona inang'aa. Akanitazama kama mtu anayetaka kujua kama natania. Akasema, "Kwa hiyo ningeichafua ungenipitisha?"

Nikaigeuza, nikaikagua. Na hapa, mwanangu, nataka usome polepole, kwa sababu miaka mingi nilijidanganya kwamba nilikosea. Sikukosea. Mpini wake wa mti ulikuwa umelika pale kidole gumba kinapokaa. Umeuona mwenyewe, wewe ulidhani umelika kwa mkono wa mama yako. Bati la chini, pale kitambaa kinapopita, lilikuwa limelainika kama jiwe la mtoni. Ndani kulikuwa na vumbi la nyuzi za rangi tatu nne. Jicho langu liliona yote haya, na ndilo jicho nililokuwa nalipwa mshahara kwa ajili yake. Nikaandika: mpya.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Nadhani nilipoiona tu, nilimsikia mjomba wako akicheka.

Ushuru ule hakuwa nao. Akaniuliza mzigo unaweza kukaa ghalani siku ngapi kabla ya kuuzwa mnadani. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole: gari moshi mpaka Usoke, kuwaomba ndugu zake wauze ng'ombe, gari moshi kurudi. Siku hazitoshi. Akasema, "Bwana karani, mimi sijui kuandika. Niandikie kwa bwana mkubwa aniongezee siku kidogo."

Ilikuwa jambo la kawaida. Karatasi moja, mistari minne. Bwana mkubwa alikuwa anazikubali barua kama hizo karibu zote, hata hazisomi mpaka mwisho. Nikamwambia, "Nitaandika."

Akashukuru, akaenda zake stesheni na sufuria zake kichwani.

Sikuandika. Siku ya kwanza nilijiambia kesho. Siku ya pili nikajiambia kesho. Kalamu ilikuwa pale, wino pale, karatasi pale. Sikukaa nikapanga wizi, Kalunde. Ningekuwa nimepanga, pengine ningeogopa nikaacha. Niliacha tu siku zipite, na siku zinajua kufanya kazi zenyewe. Mnada ukafika. Karani hakuruhusiwa kununua, kwa hiyo nilimtuma rafiki yangu mmoja wa pale gatini, akainunua kwa jina lake. Jioni akaileta nyumbani kwenye gunia la dagaa. Mama yako aliposhika kile kitambaa cha kufuma alisema Mhindi gani huyu anayefunga mali yake vizuri namna hii.

Siku ya tatu baada ya mnada, Nyamizi akashuka kwenye gari moshi. Alikuja na fedha zote. Na kibuyu cha asali amekiegemeza kifuani.

Nikamwambia imeuzwa.

Akakaa chini, pale kwenye ngazi za ofisi. Kisha akauliza, siyo kwa hasira, akauliza kama anayetaka kujua njia. "Uliandika?"

Nikasema, "Niliandika, mama. Wakakataa."

Akatikisa kichwa taratibu. Akainuka, akaniwekea kile kibuyu mezani. Akasema, "Asali hii nilikuletea wewe. Chukua. Wao wamekataa, lakini wewe umejitahidi. Ahsante, bwana karani."

Nikaichukua. Wewe uliila ile asali, na mkate, ukajipaka mpaka kwenye nywele. Tangu siku ile mimi asali siili. Watu hunicheka, Mnyamwezi gani anayekaa Tabora na hali asali, na wewe umewaambia wenzako baba ana ugonjwa wa tumbo. Ugonjwa wenyewe ndio huo.

Babu yako, baba yangu, alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo kutoka hapa mpaka Ujiji, mpaka pwani, bega lake moja lilikuwa limeshuka kuliko jingine mpaka anakufa. Nilipopata kazi ya forodha nilikwenda kumwambia nikidhani atafurahi. Akauliza kazi yenyewe ni nini. Nikamweleza: watu wanapita na mali, sisi tunatoza. Akasema, "Ah. Hongo." Kwa maana ndivyo walivyoita zamani zile, msafara ukipita kwenye nchi ya mtemi unatoa nguo, unatoa shanga, inaitwa hongo na haikuwa aibu. Kisha akauliza tena, "Mtemi akipokea hongo alitupa maji, alitupa chakula na mtu wa kutuonyesha njia. Ninyi mkishapokea mnawapa nini?" Nikacheka, nikamwambia tunawapa risiti. Naye akacheka. Lakini Nyamizi sikumpa hata risiti.

Niliendelea na kazi miaka mitatu. Nilikuwa mwepesi kupitisha watu, nikipitisha hata visivyostahili, nikidhani nalipa. Haikuwa malipo, maana niliowapitisha siye niliyemzuia. Mwisho nikasema macho yangu mabovu, nikaacha. Macho hayakuwa na kitu. Ndiyo nikawa mwandishi wa orodha za watu, na wewe ukakua unashona kwenye cherehani ile, na kila Jumamosi unaifuta. Hakuna aliyekufundisha kuifuta. Mama yako ni mtu mwema lakini vyombo vyake unavijua. Nilikuwa nakutazama na kitambaa chako cha mafuta, naona mikono ya mama mwingine.

Mwaka juzi nilikwenda Urambo kuwaandikia watu waliokuwa wanahama. Nikirudi, gari moshi likasimama Usoke. Kulikuwa na wanawake wamekaa chini kando ya ghala wanashona magunia kwa zile sindano kubwa. Mmoja wao amezeeka, kanga yake safi. Alipomaliza gunia akaifuta sindano kwa pindo la kanga, pande zote mbili, akaichomeka kwenye kipande cha kitambaa alichokunja vizuri, kisha akachukua gunia jingine. Sindano ya magunia, Kalunde. Nani anafuta sindano ya magunia? Nikamwuliza mtu wa behewa letu yule ni nani. Akasema, "Yule? Ndiye Nyamizi, aliyetoka Kongo. Zamani alikuwa fundi wa nguo." Nikavuta kofia mpaka machoni, nikakaa hivyo mpaka gari likaondoka.

Jumapili iliyopita nilimwambia mama yako. Alikuwa anakoroga uji. Akaacha kukoroga mpaka uji ukaungua, na mama yako haunguzi uji. Kisha akasema, "Ndiyo maana siku zote ukipita karibu na hiyo mashine unapita ubavu." Jioni akasema, "Mtoto utamwambia mwenyewe. Mimi hapo sikubebei." Kwa hiyo ukimwona kesho macho mekundu, siyo safari yako peke yake.

Sasa nimeeleza. Nafika kwenye mstari wa saba.

Nilikupa cherehani ile mbele ya watu siku ya harusi yako, ukapiga magoti ukanishukuru. Najua unaitegemea. Najua umeshawahesabia wake za mafundi wa kule nguo utakazowashonea, na kwamba mumeo ana mshahara mdogo, na kwamba wakwe zako watafungua mzigo wako na kuuliza kilichosemwa kiko wapi. Kosa ni langu na atakayekosa ni wewe. Hilo ndilo lililoniweka kimya muda mrefu kuliko aibu yenyewe. Kila mwaka nilisema, akimaliza kushona hii, akimaliza ile. Nilikuwa nafanya kama nilivyofanya na ile barua ya mistari minne. Naacha siku zipite.

Lakini ng'ambo ya ziwa yupo karani. Atakuuliza, hii ni yako? Na wewe utamtazama machoni, maana ndivyo ulivyo, utasema ni yangu, nimepewa na baba yangu. Utakuwa umesema uongo na hujui. Mimi niliyeandika orodha nitakuwa nimekutuma na uongo wangu kwenye nchi ya watu, umekunjwa pamoja na shuka zako. Hapo ndipo nimeshindwa.

Kwa hiyo kesho nina tiketi yangu. Nilikwambia nakusindikiza mpaka stesheni. Nakusindikiza mpaka Usoke. Cherehani itapanda na sisi, na Usoke itashuka na mimi. Nitaibeba kichwani kama babu yako alivyobeba. Sijui Nyamizi atasema nini. Anaweza kuipokea, anaweza kunitemea mate, anaweza kuwaita watu wa stesheni na mimi nikaishia mbele ya hakimu. Lolote atakalochagua ni haki yake. Sitamwambia nilikosea. Nitamwambia niliona mpini umelika.

Nyingine nitakutafutia. Sisemi lini, maana ahadi zangu sasa unazijua.

Ukikasirika, kasirika. Nitaiweka barua hii juu ya cherehani, pale ambapo jioni unaweka kitambaa chako cha mafuta, ili uisome leo na hasira ikupate ukiwa nyumbani, karibu na mama yako, na siyo peke yako behewani. Kama kesho hutaki kukaa na mimi benchi moja, nitakaa behewa jingine mpaka Usoke. Kama utataka kuniuliza jambo, uliza. Na ukiniona nashuka pale na mzigo kichwani, huna haja ya kunipungia mkono.

Shauri sina la kukupa, nani ataomba shauri kwangu. Lakini kuna siku mumeo atakuja na neno bovu mdomoni, atazunguka zunguka, atasema amechoka. Au atakuwa wewe. Msaidiane kulitoa likiwa bado dogo. Langu lilikuwa karatasi moja.

Na yule karani wa Wabelgiji usimchukie bure. Akiinua sufuria zako akanusa masizi ya shangazi yako, mwache anuse. Lakini akikuuliza, mwambie kweli, mbili mpya, mbili kuukuu, umtazame atafanya nini. Pengine ni mtu aliyeahidi kitu mbele ya shemeji zake.

Ninachokuomba ni kimoja. Leo si Jumamosi, lakini kama moyo wako utakubali, ifute mara moja ya mwisho. Mpini, bati la chini, maua yake. Nataka aione kama alivyoiacha. Hilo mimi nisingeweza kumrudishia, ni wewe umemtunzia miaka yote hii bila kumjua. Kile kitambaa cha kufuma mama yako alikihifadhi, ameshakifua, kipo kwenye kamba hapo nje.

Jua limekwisha. Nakusikia unamwuliza mama yako baba yuko wapi, na yeye anakwambia mwache, anaandika. Nimechovya kalamu, na mstari wa saba sasa unasomeka hivi:

Cherehani moja ya mkono, imetumika, imetunzwa sana. Mali ya Nyamizi. Inashuka Usoke.

Nilimwambia nitaandika.

Baba yako